Nahodha wangu anauza samaki baharini, nami nimebaki na deni lake

Assalaam alaykum, Mama.

Nakuandikia kutoka Amu, yaani Lamu mjini, mtaa wa Langoni. Nina miaka 36 na kazi yangu ni samaki, ingawa si kazi niliyoichagua. Baba yangu alikuwa tajiri wa samaki, yaani mnunuzi anayewakopesha manahodha vifaa nao wakamletea samaki, kwa zaidi ya miaka 30. Alipofariki mwaka juzi, kaka yangu mmoja alikuwa Mombasa na mwingine Saudia, basi funguo za stoo zikabaki kwangu. Nikarithi friza tatu, mizani, na majina ya manahodha wanne wanaotuletea samaki. Nasema majina kwa sababu daftari halikuwapo. Baba hakuandika kitu. Alikuwa akisema yeye na watu wake wanajuana.

Mkubwa wa manahodha hao namwita Ami, japokuwa hatuna damu moja. Alianza kumvulia baba mimi sijaanza hata chuo. Siku ya mazishi alishuka kaburini pamoja na kaka zangu. Mwaka jana mashini ya chombo chake ilipokufa nilimtafutia nyingine iliyotumika, na nyavu juu yake, na leo ninamdai shilingi 86,000. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba samaki wake wote watakuja kwangu mpaka deni liishe, nami nimkate 300 kila siku anayoleta.

Sasa sikiliza. Kaskazi hii yote, msimu wetu wa kuvua, miezi mitano, ananiletea changu wadogo, tafi na pono. Nikimwuliza kolekole wako wapi, nguru wako wapi, hunijibu, "Bahari haitoi, mwanangu." Nikaamini. Wiki tatu zilizopita nikapeleka mzigo Shela kwenye hoteli ninayoiuzia, mpishi akaniambia jana yake amepata kolekole watatu wazuri kutoka kwa kijana mmoja mwenye boti ya faiba na makasha ya barafu. Akanionyesha na vichwa alivyoviweka vya supu. Nikamwuliza huyo kijana anavua wapi. Akacheka. "Havui huyo. Huwangoja manahodha huko nje, akawanunulia kabla hawajafika." Kisha akawataja manahodha wenyewe, na wa kwanza kutajwa akawa Ami. Hakujua ananichoma.

Sikulala usiku ule. Najua yule kijana anatoa 320 kwa kilo, pesa mkononi, na mimi natoa 250. Lakini yule hampi mtu mashini wala barafu, wala hakumzika baba ya mtu. Na mimi kulipa papo hapo siwezi, maana hoteli hunilipa baada ya siku 30, mara nyingine 45, nami manahodha nawatumia zikiingia. Mengine yote nafanya kama alivyofanya baba. Samaki huingizwa stoo, hupimwa kila aina peke yake, mpwa wangu husoma mizani, na gramu zinazozidi kilo hatuzihesabu kwa sababu samaki huja na maji. Kitu kimoja tu nimebadilisha: kusi iliyopita, msimu wa bahari chafu, nilisimamisha ule unga na sukari baba aliokuwa akiwapelekea majumbani, maana madeni yalikuwa yamepanda na biashara si sadaka.

Dada zangu wanasema nikaing'oe mashini yangu. Mume wangu anasema nipige ripoti polisi. Mimi nataka kujua kama bado inawezekana kufanya biashara ya kuaminiana au zama hizo zilikwenda na baba. Na nitamwaminije tena mtu aliyenitazama usoni akaniambia bahari haitoi?

La mwisho, dogo. Yule mpishi siku hizi huniuliza mara mbili mbili kama samaki ni wa leo. Wengine huwa wa jana, lakini wamelala kwenye barafu na hawana ubaya wowote, kwa hiyo humwambia ni wa leo. Naona naye ameanza kunitilia shaka. Nadhani ni maneno ya yule kijana.

Binti wa Tajiri, Amu

*

Waalaykum salaam, mwanangu. Pole kwa msiba wa mzee, na pole ya pili kwa vile vichwa vya kolekole.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja nawe. Mara ya pili nikarudi kwenye ule mstari wa gramu, nao uliupita upesi kama mtu anayepita mbele ya nyumba anakodaiwa. Mara ya tatu nikachukua kalamu. Chukua na yako.

Samaki wa Ami hupimwa mara tatu: changu, tafi, pono. Kila pimo linaacha gramu zake. Siku nyingine ni 200, siku nyingine ni 800. Tukisema nusu kilo kwa kila pimo, hatumwonei mtu. Hiyo ni kilo moja na nusu kwa siku, ambayo kwa bei yako ya 250 ni shilingi 375. Nahodha mwenye bidii, ukitoa Ijumaa na siku ambazo chombo kina ugonjwa wake, wakati wa kaskazi hutoka kama siku 22 kwa mwezi. Zidisha: shilingi 8,250. Sasa hesabu lile deni. Unamkata 300, kwa siku hizo hizo 22, inakuwa 6,600.

Umeiona? Kile usichokihesabu ni kikubwa kuliko kile unachokihesabu. Kwako Ami ni mtu anayelipa 6,600 kwa mwezi. Kwake yeye, zinamtoka 14,850 kila mwezi na mashini bado si yake. Wala usiseme hana hesabu kwa kuwa hana daftari. Mtu aliyevuta nyavu miaka 30 akilinyanyua tenga mara moja anakutajia uzito wake, kisha anakaa nje ya stoo yako anasikia sauti ya kijana kutoka ndani ikisema "Kilo saba!" na anajua ni saba na robo tatu. Hasemi, kwa sababu ni wewe, na kwa sababu ya baba yako. Lakini hajasahau hata siku moja.

Hayo maji nayo tuyaache. Samaki aliyevuliwa alfajiri akafika kwako saa nne ana maji gani ya kufika gramu 800? Mwache achuruzike dakika tano juu ya chanja, kisha mpime. Na ukiona lazima ukate kitu kwa ajili ya maji, kitaje hicho kitu mbele yake, kiwe kimoja kwa kila mtu na kila siku. Wewe unaishi katika mji wa Msikiti wa Riyadha, si mimi wa kukusomea Suratul Mutaffifin, jinsi inavyoanza kwa kuwaonya wanaojipimia kamili na kuwapunjia wenzao. Mwizi sikuiti. Ulirithi mkono wa mzee pamoja na mizani yake, na mizani ya kurithi watu huwa hawaikagui. Hata sheria ya Kenya inataka mizani ya biashara ikaguliwe na maafisa wa vipimo na kupigwa muhuri. Itazame yako, muhuri wake ni wa lini?

Niliuza samaki wa kukaanga hapa Malindi miaka mingi kabla miguu haijaanza kunisumbua. Palikuwa na mchuuzi mmoja sokoni, mzee mkali, hana tabasamu, maneno yake machache na hayo machache makavu. Kila asubuhi kabla hajapima samaki wa kwanza alichukua pakiti mpya ya unga, ile ya kilo mbili ambayo bado haijafunguliwa, akaitundika kwenye ndoano ya mizani na kuiacha ining'inie mbele yetu. Mshale unakaa kwenye mbili. Akiondoa pakiti unarudi sifuri. Hakutuambia kitu, alikuwa akitazama upande mwingine kabisa. Nilinunua kwake miaka tisa, na sidhani kama katika miaka hiyo tulizungumza jumla ya saa nzima. Wengine pale walikuwa wacheshi, wanakuita dada, wanakuuliza watoto, na mizani zao zilikuwa nyuma ya pazia.

Kwa hiyo ukiniuliza kama zama za kuaminiana zimepita, nami nakuuliza ni zipi hizo. Unamkumbuka baba yako kama mtu aliyeaminiwa kwa sababu ya uso wake na maneno yake. Mimi naona jambo jingine katika barua yako, nawe umeliandika mwenyewe bila kulitilia maanani.

Baba yako alinunua kwa bei ya chini wakati wa kaskazi. Hilo ni kweli. Alikata gramu, alichelewesha, na watu wakamvumilia. Halafu kusi ikaingia. Unajua kusi ya kwenu ilivyo: kuanzia Aprili upepo unageuka, bahari inajaa, vyombo vidogo vinapandishwa mchanga, na mpaka kama Septemba mtu wa mashua hula alichoweka au hula deni. Katika miezi hiyo mzee alipeleka unga na sukari majumbani. Wewe umeuita sadaka. Mwanangu, ule unga ulikuwa sehemu ya bei. Alinunua kolekole kwa mafungu mawili, fungu moja la pesa siku ya samaki na fungu la pili la unga siku isiyo na samaki. Nahodha aliyekubali kupokea pungufu mwezi wa Januari alikuwa ananunua chakula cha watoto wake cha mwezi wa Julai, na alimwamini tajiri amwekee.

Wewe umeondoa fungu la pili ukaacha la kwanza vilevile. Bei ni ile ile ya chini, gramu ni zile zile, malipo yanachelewa vilevile, na Julai kimya. Kisha ukashangaa kijana mwenye 320 mkononi amepata wateja. Ningekuwa Ami ningefikiri hivi: tajiri wangu alikufa, huyu ni mtu mwingine, basi nami nina haki ya kuwa mtu mwingine.

Hapo sijamsafisha. Alikubali neno kwa ulimi wake kwamba samaki wote watakuja kwako, akalivunja, na ubaya zaidi akakusingizia bahari. Angekuja akakwambia bei yako haifai tena. Mtu mzima aliyeshuka kaburini na kaka zako hawezi kukosa ujasiri wa sentensi moja. Hilo atalijibu, na nitakueleza namna ya kumuuliza. Lakini ukianza na hilo utapata ugomvi, na mwisho wa ugomvi utabaki na mashini ya chuma stoo pasipo nahodha.

Kuhusu hiyo mashini, waambie dada zako hapana. Ukiing'oa, Ami hatoki baharini, na asiyetoka halipi. Kabla ya wiki kwisha yule kijana atamkopesha nyingine, naye atakuwa mfungwa wa mtu mwingine badala ya wewe. Mume wako mwambie, kwa adabu, kwamba deni la maneno ya mdomo polisi hawana la kulifanya. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Ijue kwamba ipo. Ila ukifika huko na Ami, hata ukishinda, hao manahodha watatu waliobaki watakuwa wamekwishaondoka kabla hujatoka mahakamani.

Nakushauri utenganishe deni na samaki. Kwa sasa umevifunga pamoja, yaani mtu analeta kwako kwa sababu anadaiwa. Kuku aliyefungwa mguu haondoki uani, na huwezi kuwaambia majirani kwamba amekuzoea. Deni la mashini liwe deni la mashini: kiasi fulani kwa mwezi, wakati wa kaskazi tu, kusi lisimame, awe amekuuzia wewe au amemuuzia mwingine. Samaki wawe ni biashara ya kila siku, ukitaka wa kwako ununue kwa bei inayomfanya alete. Utakosa baadhi ya samaki mwanzoni. Hilo ulijue mapema. Lakini siku chombo chake kitakapokipita kile cha kijana na kuja mpaka gatini kwako, utajua kwa nini kimekuja. Leo hujui.

Bei utaichagua wewe, maana faida yako unaijua wewe. Njia zipo mbili. Ama uipandishe ikaribie ile ya kijana na kila mtu ajitafutie Julai yake, ama ubaki chini yake kwa kiasi kidogo na urudishe fungu la kusi, safari hii likiwa limeandikwa: kwa kila kilo aliyoleta kaskazi, shilingi kadhaa zinawekwa kwa jina lake, na kuanzia Mei anazichukua kwa unga au kwa pesa. Mimi ningechagua ya pili, kwa sababu moja. Yule kijana wa faiba utamwona kweli mwezi wa Juni, bahari imejaa na hakuna cha kununua? Wewe utakuwapo, stoo yako iko Langoni na haina mashini ya kukimbilia. Hicho ndicho unachoweza kuuza ambacho yeye hana.

Sasa kuandika. Najua kwenu, kama hapa kwetu, kuandikiana huonekana kama kutiliana shaka. Watu wanaona aibu kutoa kalamu mbele ya jamaa. Ajabu ni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika deni: kuwe na mwandishi, kuwe na mashahidi, na watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Wazee wetu pia wana wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee wako aliyajua hayo yote na bado hakuandika, Mungu amrehemu, naye amekwenda na hesabu zake. Je, wajua kama alimwahidi Ami chochote? Kama palikuwa na nyavu aliyomsamehe, au samaki wa mwezi wa mwisho ambao hawakulipwa? Muulize. Inawezekana sana kwamba kichwani mwake na yeye anakudai.

Nunua madaftari mawili yanayofanana. Moja lako, moja lake, yaandikwe kwa wakati mmoja: tarehe, aina, kilo na gramu, bei, kilicholipwa, kilichobaki, kilichowekwa kwa kusi. Kama macho yake hayasomi, mwanawe atamsomea. Usijidanganye kwamba M-Pesa inatosha. Tangu ilipoanza 2007 imetuponya na mengi, ujumbe unakuonyesha nani, kiasi gani na saa ngapi. Lakini haukuambii pesa hiyo ni ya samaki wa Jumatatu au ni ya kupunguza deni, na ugomvi wote hulala hapo. Zaidi ya hapo, kamati za ufuo, hao tunaowaita BMU, huandika samaki wanaoshushwa dikoni, pale ufuoni vyombo vinapotia. Siku mtakapotofautiana kuhusu kilo, mna pa kuulizia bila kutukanana.

Malipo. Umesema hoteli hukulipa baada ya siku 45 kama vile ni mvua, kitu cha kungoja tu. Umewahi kuwaambia? Nenda na bei mbili: wakilipa ndani ya siku saba bei ni hii, wakichelewa ni ile ya juu. Mwenye hoteli anaielewa lugha hiyo kuliko malalamiko. Anayekataa zote mbili mpunguzie kilo mpaka zifike kiasi unachoweza kungoja bila kumnyima mtu mwingine. Kwa Ami, lipa nusu siku ya samaki na nusu Alhamisi jioni, ili Ijumaa imkute na pesa nyumbani. Ukisema Alhamisi iwe Alhamisi. Ukiona haitawezekana mpigie Jumatano, asiwe yeye wa kukupigia Jumamosi. Nusu yenye siku yake humfaa mtu wa bahari kuliko "nitakutumia zikiingia".

Tuje kwenye mazungumzo yenyewe. Usimwite stoo, usimngoje gatini mbele ya mabaharia wake, na simu iache kabisa. Nenda nyumbani kwake baada ya Alasiri. Nenda peke yako, na chukua madaftari. Ukikaribishwa kahawa kunywa, hata kama koo limekauka. Kisha anza na lako. Mwambie, "Ami, nimekaa nimehesabu gramu ambazo sikukuandikia." Mtajie ile hesabu. Kwa miezi mitano ya kaskazi hii ni kama 41,250.

Hapa ndipo utakapotaka kuichana barua hii. Najua. Sikuambii uzifute zote, maana naye ana zake: amepokea bei ya kijana kwa samaki aliokuahidi wewe, akitumia mashini uliyomnunulia na barafu yako. Lakini weka kitu mezani. Ningekuwa wewe ningesema deni la 86,000 sasa ni 60,000, alipe 6,000 kwa mwezi wa kaskazi, kwa miezi kumi, yaani kaskazi mbili na limekwisha. Andika palepale mbele yake.

Ukishasema hayo, nyamaza. Usimtaje kijana. Usitaje kolekole. Ami si mtoto, atajua kwamba unajua. Akiwa bado ni yule aliyeshuka kaburini, atasema mwenyewe, pengine si kwa maneno manyoofu, pengine atasema tu "Mimi nami nimekosa mahali." Hilo linatosha, usimkamue zaidi. Akinyamaza kabisa, akapokea punguzo lake na kukuaga kwa heshima, basi umenunua habari ya muhimu kwa shilingi 26,000, na tangu siku hiyo mfanyie hesabu kama mtu baki: daftari, shahidi mmoja wa diko, tarehe. Wala usimchukie.

Umeniuliza utamwaminije tena. Usimwamini bado, wala usimdai naye akuamini. Hakuna kati yenu aliyetoa sababu ya kufanya hivyo mwaka huu. Fanyeni kazi namna ambayo hakuna anayehitaji kuutazama uso wa mwenzake ili ajue kama anaibiwa. Namba iko kwenye mizani, bei iko kwenye ubao, siku ya malipo ni Alhamisi. Baada ya kaskazi nzima ya namna hiyo, mtajikuta mnaulizana habari za watoto.

Na mpishi wako. Hapa sitakaa sana. Yule kijana hana haja ya kukusema, maana mpishi anafungua mashavu ya samaki kila siku ya maisha yake. Anaona jicho lililozama, anaona rangi iliyofifia, anajua huyu ni wa jana kabla hujamaliza kusema ni wa leo. Kwa hiyo kila unaposema "wa leo" kwa samaki wa jana, unaliua neno hilo hilo utakalolihitaji siku ukiwa na wa leo kweli. Kesho mwambie, "Hawa wawili ni wa leo, hawa wanne ni wa jana, wamelala kwenye barafu," na hao wanne wapunguzie bei kidogo. Atawachukua. Samaki wa jana aliyehifadhiwa vizuri, kwa joto letu hili kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, hana aibu yoyote. Aibu iko kwenye jina ulilompa.

Kusi inakaribia, usingoje. Jumamosi hii itoe mizani stoo, itundike barazani mahali ambapo watu wa pande zote mbili wanauona mshale. Nunua pakiti ya unga ya kilo mbili, na asubuhi ya kwanza mpe Ami aitundike yeye kwa mkono wake. Mpwa wako mwambie asome kilo na gramu kwa sauti, hata ikiwa ni tafi mmoja. Ukimwona Ami amenyoosha shingo kuutazama mshale mwenyewe baada ya kijana kusoma, usione vibaya. Mwache autazame.